Gavana Aliyevua Saa

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama kwenye maegesho ya ghala la nafaka, upepo wa Novemba unanikata masikio, macho yangu nimeyakodoa kwenye mkono wa kushoto wa Gavana Thurman Leckie. Mkono hauna saa. Imebaki alama nyeupe tu pale saa ilipokuwa ikikaa.

Kwa aliyeingia leo, nieleze kwa ufupi halafu twende. Naitwa Verlyn Tjaden. Nalima mahindi na soya hapa Hollis Prairie, Iowa, na ni mwenyekiti wa chama cha siasa katika kaunti yetu. Kila anayeota kuwa Rais wa Amerika lazima apite kwetu kwanza, ale, aongee, tumpime. Januari tunajazana kwenye ukumbi wa michezo wa shule kumchagua mgombea wa chama chetu, na siri haipo. Unatembea kwa miguu yako hadi kwenye pembe ya mtu unayemtaka, huku jirani anakuona, shemeji anakuona, mchungaji anakuona. Na mimi nikitembea, sijisifu, nusu ya ukumbi hunifuata.

Ndiyo maana wananiganda kama kupe. Na ndiyo maana sisemi namtaka nani mpaka wote wawe wamekula mezani kwangu.

Sasa sikia. Kabla ya siku ile ya maegesho nilikuwa nimesema neno moja tu juu ya Leckie. Nilisema simwamini, kwa sababu mkulima akianza kuongea yeye anatazama saa. Neno hilo nilimwambia mke wangu Arlys, jikoni, na nilimwambia rafiki yangu Gaylord Eekhoff, ndani ya pikapu yake. Basi. Hakuna mtu wa tatu. Wiki haijaisha, Gavana anarudi kwetu hana saa, na kila mkulima akifungua mdomo yeye anamtazama usoni kama anasikiliza hukumu.

Mmoja kati ya hao wawili alikuwa ananiuza.

Gaylord nimesoma naye, nimechunga naye nguruwe, tumezikiana wazazi. Arlys ni Arlys. Usiku sikupata usingizi. Nilikuwa namsikiliza anavyopumua, najiuliza huyu mwanamke ninayelala naye ni wangu au ni wa Leckie.

Nikaamua kutega.

Nilianza na Gaylord. Tulikuwa tunarudi kununua misumari, yeye anaendesha, redio inasema bei ya soya.

"Gaylord, nikwambie kitu cha moyoni?"

"Sema, bwana we. Umeanza lini kuomba ruhusa?"

"Leckie anakuja kula kwangu Alhamisi. Nimeamua nitampima kwa bitiruti."

Gaylord alinigeukia mpaka pikapu ikagusa changarawe. "Kwa kitu gani?"

"Bitiruti za Arlys, zile anazolowesha kwenye siki. Mtu akila akaomba tena, huyo namsimamia Januari."

"Verlyn, wewe mwenyewe huzili!"

"Ndiyo maana. Najua mateso yake. Anayeweza kumeza zile huku anatabasamu anaweza kukaa na maseneta."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia iwe siri yetu. Akaapa kwa marehemu mama yake.

Jioni ileile nikamtega Arlys. Alikuwa kwenye sinki, mimi nimekaa mezani miguu nimeiweka juu ya kiti cha pili.

"Mama, unajua mimi mtu namjulia wapi?"

"Wapi?"

"Akishashiba. Leckie akimaliza kula akainuka, akaosha vyombo bila kuambiwa na mtu, basi. Kura yangu anayo."

Arlys alikuwa ameshika sahani. Aliishika tu, maji yanamwagika.

"Vyombo," akasema.

"Vyombo."

"Verlyn, una homa?"

"Sina homa. Nimefikiri tu."

Alinitazama kidogo, kisha akageuka akaendelea kuosha. "Haya," akasema. Hakuuliza tena.

Nililala vizuri usiku ule. Nilijiona mjanja wa kaunti nzima. Alhamisi, bitiruti zikiombwa tena, msaliti ni Gaylord. Sponji ikishikwa, msaliti ni mke wangu. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza.

Alhamisi ikafika na theluji ya kwanza. Leckie aliingia peke yake, kama desturi yangu inavyotaka. Wapambe na dereva hubaki kwenye gari, hata kunyeshe mawe. Alikung'uta mabuti, akamshika Arlys mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, nyumba nzima inanukia. Nimesafiri na njaa tangu asubuhi kwa ajili ya meza hii."

"Karibu, Mheshimiwa. Ni nyama ya nguruwe tu na viazi."

"Tu? Usiiseme hivyo mbele yangu."

Mdomo wake ni asali, sikatai. Lakini mimi nilikuwa natazama mkono. Hakuna saa. Hata ile alama nyeupe ilikuwa imeanza kufifia.

Tukakaa. Nikampima kwa maswali, kama ninavyowapima wote. Nikamuuliza habari ya bei ya mahindi, akajibu vizuri mno. Nikamuuliza habari ya mabwawa ya samadi, akajibu kama mtu aliyelala zizini na nguruwe. Nikamuuliza anaonaje yule seneta mpinzani wake, aliyekula kwangu mwezi uliopita.

"Ni mtu mwema," akasema. "Nasikia alimaliza pai yenu yote."

"Umesikia kwa nani?"

"Ah, Bwana Mwenyekiti. Huku kwenu maneno yanatembea."

Nikamtazama Arlys. Arlys alikuwa anakata mkate.

Bakuli la bitiruti lilikuwa katikati, jekundu, linameremeta kwa siki. Kila aliyewahi kula kwangu huchukua kipande kimoja cha adabu akakificha chini ya viazi. Leckie akachota kijiko kimoja kikubwa. Akala. Niliona macho yake yanalengwa na machozi, nikaona koo linapanda na kushuka. Kisha akafuta mdomo.

"Mama, hizi umetengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Naomba niongeze."

Uma ukanidondoka.

Gaylord! Gaylord aliyeshika jeneza la baba yangu upande wa kichwa! Moyo uliniuma, lakini sitawaficha, katika maumivu yale kulikuwa na furaha. Arlys wangu ni msafi. Nilinyoosha mkono mezani nikamshika vidole mbele ya mgeni, kitu ambacho sijafanya tangu tukiwa wachumba.

"Una nini?" akaninong'oneza.

"Sina kitu, mama. Nimekushika tu."

"Basi niachie, nimchotee Gavana."

Akampa kijiko cha pili. Leckie akazila zote. Mtu mzima anatoka jasho kwenye paji la uso katikati ya theluji, lakini akazila. Ikaja pai ya tufaha, ikaja kahawa. Mimi akilini nilikuwa nimeshafika kwa Gaylord, napanga nitamwambia nini kwanza, nimtukane halafu nimuulize, au nimuulize halafu nimtukane.

Ndipo Leckie akasukuma kiti nyuma. Akasimama. Akafungua vifungo vya mikono ya shati, akaikunja mpaka kwenye viwiko.

"Mama, wewe kaa. Leo vyombo ni vyangu."

Nikashika ukingo wa meza. Leckie akabeba sahani, akafungua maji, akachukua sponji ya njano. Akaanza na sinia lenye mafuta ya nguruwe, kisha maji yaleyale akaoshea glasi. Hata mimi najua glasi ndizo huanza.

"Mheshimiwa," nikasema, "nani alikufundisha kuosha vyombo?"

"Mama yangu, Bwana Mwenyekiti. Alisema mwanamume hujulikana jikoni."

Mwongo. Mama wa mtu haoshi glasi kwa mafuta.

Arlys alisimama kando na kitambaa cha kukaushia, midomo ameikaza. Sikujua anajizuia kucheka au kulia. Na nilichokiona kilinichoma zaidi: hakuwa anamtazama Leckie hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi.

Wote wawili. Mke na rafiki, wote wawili! Nilitega mitego miwili nipate panya mmoja, yote imefyatuka.

Leckie alipovaa koti mlangoni, akaniegemea kidogo. "Januari nikutegemee?"

"Januari huwa na baridi sana, Mheshimiwa."

"Nitavaa koti jingine juu ya hili."

Akacheka, akateremka ngazi. Gari likawashwa, likaondoka. Nikafunga mlango, nikazunguka sebuleni na hasira zangu karibu nusu saa, ndipo nikarudi jikoni.

"Tangu lini?" nikamuuliza Arlys.

Alikuwa anaosha glasi upya. "Tangu lini nini?"

"Usinichezee. Tangu lini unampelekea Leckie maneno ya nyumba hii?"

"Tangu Jumanne."

Sikutegemea ajibu haraka vile. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, nimejiandaa hata kwa kilio.

"Jumanne hii?"

"Jumanne hii. Asubuhi yake baada ya wewe kuniambia ule upuuzi wa vyombo. Nikapiga simu, nikasema mume wangu anapenda mwanamume anayeosha vyombo. Mara moja. Sijawahi kabla, na sitarudia."

"Kwa hiyo unakiri!"

Akazima maji. Akakausha mikono taratibu, kidole kwa kidole, ndipo akageuka.

"Verlyn. Tangu unioe, sponji ya nyumba hii umeishika lini?"

Niliitazama ile sponji ya njano.

"Nakuuliza. Nilipojifungua uliishika? Nilipofanyiwa operesheni ya goti uliishika? Alikuja dada yangu Joyce kutoka Mason City, wewe ukakaa hapo hapo, miguu kwenye kiti. Halafu Jumatatu unaniambia unapima marais kwa vyombo! Ulidhani nina akili za kuku?"

"Ulijua ni mtego."

"Nilijua kabla hujafunga mdomo. Nikasubiri. Nikasema labda atajirudi, ataniambia, Arlys, nina wasiwasi na jambo fulani, nisaidie. Ningekusaidia. Nilikaa usiku mzima nikisubiri, wewe unakoroma."

"Sasa ukapiga simu ya nini?"

"Nikupime na wewe." Sauti yake ilitetemeka kwa mara ya kwanza. "Nilitaka nione siku mtego wako ukinasa, utaniuliza kama mke wako au utanihukumu kama mwizi wa ng'ombe. Leo nimeona. Hukuniuliza kama nimefanya. Umeniuliza tangu lini."

Niliona aibu, wasomaji wangu. Nawaambia ukweli, uso uliniwaka moto. Lakini shetani wa kushuku akishakaa kichwani hatoki kwa aibu peke yake. Neno moja lilikuwa limenikwama.

"Ulipiga simu," nikasema. "Nani alipokea?"

"Yeye."

"Yeye nani?"

"Leckie."

"Mwenyewe? Gavana? Una namba yake wewe?"

Arlys alichukua kitambaa cha kukaushia, akaanza kukikunja. Kabla sijarudia swali, mlango wa nyuma ukafunguliwa bila hodi, baridi ikaingia, na Gaylord akaingia nayo, kofia mkononi, anahema.

"Verlyn! Shemeji! Nimefanya jambo."

"Najua ulilofanya," nikamwambia. "Toka nyumbani kwangu."

"Hujui! Hata mimi nilikuwa sijui mpaka sasa hivi. Denny! Unamjua Denny?"

"Denny gani?"

"Denny wa mbegu, bwana! Anayekunywa kahawa na sisi pale ghalani kila asubuhi tangu mavuno. Ana kofia ya mbegu za mahindi, koti la mbegu za mahindi, kalamu ya mbegu za mahindi. Nikajua wakala wa mbegu. Wewe ungejua ni nani?"

Ningejua hivyohivyo. Huku kwetu mtu mgeni mwenye kofia ile hakuna anayemuuliza kitambulisho. Anasogezewa kiti na kikombe.

"Endelea," nikasema.

"Kila siku ananiuliza, Verlyn anasemaje, Verlyn anapenda nini, Verlyn anachukia nini. Nikadhani anatafuta njia ya kukuuzia mbegu. Nikaropoka, ndugu yangu. Niliropoka yote. Sasa jioni hii napita kituo cha mafuta namkuta Denny anajaza gari la Gavana, ana beji ya kampeni hapa kifuani, kubwa kama sahani! Ndiye dereva wake!"

Denny alikuwa amekaa nje ya dirisha langu muda wote tuliokuwa tunakula.

"Habari ya saa ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Na bitiruti?"

Gaylord akainamisha kichwa. "Tulicheka sana habari ya bitiruti."

"Uliapa kwa marehemu mama yako, Gaylord!"

"Niliapa sitamwambia mtu wa siasa. Denny ni mtu wa mbegu!"

"Na miezi yote hiyo hukumuuliza hata bei ya mbegu?"

"Nilimuuliza. Akasema atanitafutia."

Wakati mwingine ningecheka hadi nikae chini. Lakini maana ya maneno yale ilikuwa inanifikia polepole, na ilikuwa mbaya. Hakuna aliyeniuza. Gaylord ni mjinga tu kama mimi, na Arlys hakuwahi kusema neno la nyumba hii mpaka siku niliyomdanganya kwenye sinki lake mwenyewe. Nilikuwa nimeshinda wiki nzima nampima mke wangu kama ninavyowapima wageni wanaotaka kazi.

Nikageuka. Arlys alikuwa ameshavaa koti. Sikumwona anaondoka jikoni wala akirudi. Alikuwa ameshika funguo za gari na mkoba wake ule wa kwenda kanisani.

"Arlys, nisamehe."

"Usiniombe msamaha mbele ya Gaylord. Utaonekana umefanya la maana."

"Mimi natoka," Gaylord akasema.

"Kaa, Gaylord," Arlys akamjibu. "Kahawa ipo. Vyombo vipo. Mtagawana."

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Mahali ambapo mtu akiniuliza swali anataka jibu."

Akanipita. Hakubamiza mlango, aliufunga polepole, na hilo liliniogopesha kuliko angeubamiza. Nilibaki nimesimama kama gogo mpaka niliposikia gari linawaka, ndipo nikatoka mbio na soksi, nikakanyaga theluji, naita jina lake kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Gaylord alinifuata kwa nyuma na mabuti yangu mkononi.

"Acha aende," akaniambia. "Anakwenda kwa Joyce, Mason City. Kesho utamfuata na maua, atakutukana, mtarudi wote. Mke wangu mimi ameondoka mara ngapi?"

Nilitaka kumwamini. Nikavaa buti moja, nikaegemea uzio, nikavuta pumzi. Kweli, atakwenda kwa dada yake. Nitaosha vyombo vyote usiku huu, nitaosha hata vilivyo safi. Kesho nitampigia magoti mbele ya Joyce na wanawe wote, na Januari nitasimama pembe yoyote atakayosimama yeye.

Gari lilifika mwisho wa njia yetu ya changarawe, likasimama pale barabara kuu. Kwenda kwa Joyce unakata kulia. Kushoto ni mjini, na mjini wiki hii hoteli ni moja tu yenye taa, ile waliyoichukua yote watu wa Leckie.

Lilisimama pale muda mrefu, moshi mweupe unatoka nyuma. Nikaona taa ndogo inawaka ndani. Alikuwa ameshika simu sikioni.

"Anampigia dada yake," Gaylord akasema.

Taa ya ndani ikazimika. Gari likakata kushoto.

Gaylord akakohoa. "Labda kuna kitu anapitia dukani."

Duka letu hufungwa saa kumi na moja jioni.